Barua pepe ya ofisi ndogo: anza na anwani, programu ije mwisho

Nashika barua za ofisi ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, hapa Moshi. Kuanzia saa mbili asubuhi kazi yangu ni hiyo: wakala wa Ujerumani anauliza nafasi za njia ya Lemosho mwezi wa tisa, mgeni wa Uholanzi anatuma nakala ya pasipoti, hoteli inataka orodha ya vyumba. Na gaidi (ndivyo tunavyomwita mwongoza wageni) na wagumu (wapagazi) tunaongea kwa WhatsApp, lakini mkataba, ankara na pasipoti vyote vinapita kwenye barua pepe. Barua moja ikipotea, mtu anatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, usiku na hakuna gari la kumpokea.

Nalisema hilo kwa sababu limetukuta. Masika ya 2017 umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, kompyuta ya mezani ikazima na haikuwaka tena. Diski yake haikusomeka kwa fundi wa Moshi wala kwa yule wa Arusha. Barua zote za miaka mitatu zilikuwa humo, na humo tu. Aliyetuwekea programu ya kusomea barua aliiunganisha kwa POP3, njia ya kushusha barua kwenye mashine moja, akaacha na alama ya vema kwenye kile kisanduku kinachosema barua ikishashushwa ifutwe kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayotunza barua. Kila asubuhi nilipobonyeza kupokea barua nilikuwa nazihamisha kutoka mahali salama kwenda kwenye diski moja iliyochoka, na sikujua.

Niliwaandikia mawakala mmoja mmoja kuwaomba watutumie upya kila kitu. Ilichukua siku tisa. Familia moja ya watu wanne ilikuwa imetuandikia moja kwa moja, bila wakala, kwa hiyo sikuwa na wa kumuuliza habari zao. Julai walipiga simu kutoka uwanja wa ndege. Gari lilipatikana, mlima wakaupanda, lakini sauti ya yule baba kwenye simu, na watoto wakilia nyuma yake, bado naisikia.

Tangu hapo watu wengi wa ofisi za jirani huja kuniuliza: "Dada, nitumie programu gani ya barua pepe?" Nawajibu kwa kuanzia upande mwingine.

Anwani ni ya nani?

Nilikulia Kilema. Nyumbani hatukuwa na sanduku la posta, barua zetu zilikuja kwa S.L.P. ya parokia. Baada ya misa ya Jumapili katekista alisimama kwenye ngazi na kusoma majina. Sanduku halikuwa letu, ufunguo haukuwa wetu, na aliyehamia Dar barua zake ziliendelea kufika kwenye ngazi zile zile miezi na miezi.

Anwani ya barua pepe ina mambo hayo hayo. Ray Tomlinson alipochagua alama ya @ mwaka 1971, aliitumia kutenganisha jina la mtu na jina la mashine inayotunza barua zake. Kilichoko kushoto ni wewe. Kilichoko kulia ni mwenye sanduku. Ukiandika gmail.com au yahoo.com upande wa kulia, umepanga kwenye sanduku la mwenzako, na siku ukitaka kuhama anwani inabaki kwake.

Kwa mtu binafsi hilo halina shida. Chukua anwani ya bure yenye majina yako mawili, usiweke mwaka wa kuzaliwa, usiweke jina la utani, na usitumie anwani ya chuo au ya mwajiri kwa mambo ya benki. Chuo utamaliza, kazi utaacha, na nywila yako ya benki itakuwa inatumwa mahali usipofika.

Kwa ofisi, hata ya watu wawili, nunua jina lako upande wa kulia. Hilo ndilo linaloitwa kikoa. Hapa kwetu vikoa vya .co.tz viko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na vinauzwa na wasajili walioidhinishwa, Kenya kuna .co.ke. Ukishakuwa na kikoa unaweza kubadilisha kampuni inayotunza barua mara kumi na mgeni asijue, kwa sababu anwani haibadiliki.

Mambo mawili hapa nayasisitiza kuliko yote. La kwanza, kikoa kisajiliwe kwa jina la mwenye biashara, si la fundi aliyetengeneza tovuti. Chetu kilisajiliwa kwa jina la waliotujengea tovuti, na kukirudisha kulitugharimu simu na barua za miezi kadhaa. La pili, anwani unayompa msajili iwe nje ya kikoa hicho. Kikoa kikiisha muda, barua zake zote zinasimama, na taarifa ya kukumbusha malipo nayo itakuwa inatumwa kwenye sanduku lililofungwa. Tarehe ya kulipia yetu nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, miezi miwili kabla.

Barua zinalala wapi?

Ukishapata anwani, tafuta ghala, yaani kampuni ambayo seva zake zitatunza barua.

Gmail inatoa GB 15 bure, lakini usizihesabu zote kuwa za barua. Picha unazohifadhi Google na mafaili ya Drive vinakula humo humo. Gaidi wetu mmoja alipiga video za kilele siku baada ya siku, simu ikazipandisha zenyewe, ghala likajaa, na barua za wageni zikaanza kurudishwa kwa waliozituma. Yeye alidhani hakuna mtu anayemwandikia. Tulifuta video, barua zikaanza kuingia siku hiyo hiyo. Outlook.com nayo inatoa GB 15 za barua.

Ukifungua akaunti ya bure, ifungue mara kwa mara. Google wanaweza kuifuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili. Yahoo wanahesabu miezi 12 tu. Wazee wengi wana Yahoo waliyofunguliwa na watoto wao. Siwaambii wahame, nawaambia waingie humo angalau kila mwezi.

Mwenye barua za siri kweli, kwa mfano mwanasheria au mtu wa afya, aangalie Proton Mail ya Uswisi au Tuta ya Ujerumani. Barua zinafungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma zikiwa ghalani. Lakini nafasi ya bure ni ndogo, GB 1 kwa kila moja. Tena Tuta haisomeki ila kwa programu yao wenyewe, na Proton ukitaka kuisomea kwenye programu kama Thunderbird au Outlook lazima uwe mteja anayelipa. Ujue hayo kabla hujawapa watu anwani.

Kwa kikoa chako mwenyewe kuna njia mbili. Ya kwanza ni masanduku yanayokuja pamoja na tovuti, kwa yule yule anayeitunza. Ni rahisi, na ndiyo tuliyoanza nayo. Shida yake ni majirani. Seva moja inabeba tovuti nyingi, na mmoja wao akitumiwa na matapeli kutuma barua taka, anwani ya seva nzima inachafuka. Kwa muda wote tuliokuwa huko, wakala wetu wa Ujerumani alikuwa anatupata kwenye folda ya taka.

Njia ya pili ni kulipia kampuni ambayo kazi yake ni barua: Google Workspace, Microsoft 365, Zoho, Fastmail. Sisi tulikwenda Zoho kwa sababu ya bei. Tulipoingia ilikuwa dola 1 kwa mtu kwa mwezi ukilipa mwaka mzima, na GB 5 kila mmoja. Wana na mpango wa bure, ila huo wa bure hauna IMAP, yaani njia ya kusomea barua kwa programu nyingine huku zikibaki kwenye seva, kwa hiyo haukutufaa. Uliza swali hilo kwa kila kampuni kabla ya kulipa: mpango huu una IMAP? Bila IMAP umefungiwa kwenye tovuti yao, na siku ya kuhama utahangaika.

Ukishahamia huko, kuna maneno matatu ambayo kampuni itakupa ya kuweka kwenye kikoa: SPF, DKIM na DMARC. Usiyaruke. Ni vitambulisho vinavyomwambia anayepokea kwamba barua hii kweli imetoka kwenu. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza sana jambo hili. Kupima ni rahisi: jitumie barua kwenda kwenye Gmail yoyote, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu vya pembeni, chagua kuonyesha barua asilia. Juu kabisa utaona maneno hayo matatu, na mbele ya kila moja panatakiwa pawe na PASS. Siku yetu ya kwanza DKIM ilisema FAIL kwa sababu nilikata herufi ya mwisho nilipokuwa nanakili. Niliirudisha, nikasubiri, ikapita. Wiki hiyo wakala wa Ujerumani akaniandikia kwamba sasa barua zetu zinaingia sehemu yake.

Unasomea wapi?

Sasa ndipo tufike kwenye programu. Programu ni dirisha tu. Ukilifunga, ukalivunja, ukabadilisha kioo, ghala liko pale pale. Mradi umetumia IMAP.

POP3 iliundwa kwa kushusha barua kwenye mashine moja. IMAP inaziacha kwenye seva, na kila kifaa kinaonyesha kile kile: nikijibu kwa simu nikiwa sokoni Kiborloni, jibu linaonekana kwenye kompyuta ya ofisi. Mtu yeyote akikuwekea barua pepe, mwambie akuonyeshe neno hilo kwenye skrini kabla hujamlipa. Namba ziwe hivi: IMAP 993 kwa SSL/TLS, na ya kutuma barua, SMTP, 465 kwa SSL/TLS au 587 kwa STARTTLS (hizo ni namna za kulinda barua zikiwa njiani). Ukiona 995 hiyo ni POP3. Ukiona 110 au 143 bila ulinzi wowote, nenosiri lako linapita wazi kwenye Wi-Fi ya mgahawa.

Kwenye kompyuta natumia Thunderbird. Ni ya bure, iko tangu 2004, na inafanya kazi Windows, Mac na Linux. Unaandika jina, anwani na nenosiri, mara nyingi inazitafuta zile namba yenyewe. Kwa Gmail inakufungulia ukurasa wa Google uingie humo. Kilichonivutia zaidi ni kwamba unaweza kuiambia itunze nakala ya kila barua kwenye kompyuta, huku asili ikibaki kwenye seva: nenda mipangilio ya akaunti, sehemu ya usawazishaji na hifadhi, weka alama. Mtandao ukikatika msimu wa wageni, nasoma orodha ya kesho bila wasiwasi, naandika majibu, yanangoja. Na kila mwisho wa mwezi nanakili folda nzima ya Thunderbird kwenye diski ya nje inayokaa nyumbani kwa Mama mwenye ofisi.

Windows ilikuwa na programu yake ndogo iliyoitwa Mail. Microsoft waliacha kuihudumia mwisho wa 2024, wakaleta Outlook mpya mahali pake. Outlook mpya ni nyepesi kutumia, lakini ujue jambo moja: ukiingiza humo akaunti isiyo ya Microsoft, barua zako zinanakiliwa kwenye seva za Microsoft. Kama mkataba wenu na mteja unataja mahali taarifa zake zinapotunzwa, hilo lina uzito. Mawakala wa Ulaya wanauliza sana.

Kwenye simu za Android, K-9 Mail ya zamani ndiyo imezaa Thunderbird ya simu, iliyotoka Oktoba 2024. Naipendea bando. Unapanga ishushe kiasi gani cha kila barua, na picha za matangazo hazifunguki mpaka uruhusu. Gaidi akiwa lango la Londorosi na mtandao wa kudokoa, maandishi yanafika. Kiambatisho anakishusha akirudi mjini.

Kuhusu viambatisho, jambo moja linalowatesa wengi. Gmail inakuruhusu kutuma barua ya hadi MB 25, lakini faili likiambatishwa huvimba kwa kama theluthi moja safarini. MB 18 ndiyo mwisho wa usalama. Kundi la watu 12, pasipoti zilizopigwa picha kwa simu, MB 3 kila moja, hazipiti. Nawaambia wageni watume mbili mbili, au wapunguze picha.

Funguo

Akaunti ya kwanza ya ofisi ilifunguliwa na mpwa wa Mama kwa namba yake ya simu. Akahamia Mwanza, akabadilisha laini. Siku Google walipotaka kuthibitisha ni sisi, ujumbe ulikwenda kwa mtu tusiyemjua aliyepewa namba ile upya. Fanya leo hii: ingia kwenye akaunti, angalia namba ya kurejesha na anwani ya kurejesha, hakikisha zote mbili ziko hai na ziko mikononi mwa mwenye biashara.

Weka uthibitishaji wa hatua mbili (nenosiri, kisha namba ya pili), ila usitegemee SMS peke yake. Mlimani laini hazishiki, na nje ya nchi laini inaweza isisome. Tumia programu ya simu inayotoa namba za kuingilia, kisha chapisha namba za akiba, za kutumia siku simu haipo. Google wanatoa 10, kila moja inatumika mara moja. Zetu ziko kwenye kabati la chuma pamoja na leseni.

Na kila mtu awe na akaunti yake. Ofisi nyingi zina info@ moja yenye nenosiri linalojulikana na watu sita, wawili kati yao walishaacha kazi. Fanya info@ iwe jina la kundi linalogawa barua kwa wahusika, mtu akiondoka unamfungia yake tu.

Mwaka juzi mgeni wa Kanada alipata barua "kutoka kwetu" ikisema akaunti ya benki imebadilika. Ilikuwa na nembo yetu, saini yangu, hata jina la gaidi wake. Anwani ilikuwa na herufi moja ya ziada. Kwenye simu yake ilionekana jina langu tu, anwani yenyewe imefichwa. Alipiga simu kabla ya kutuma, Mungu amjalie. Tulipochunguza tulikuta kwenye akaunti ya mmoja wetu kuna agizo la kusambaza nakala ya kila barua yenye neno "invoice" kwenda nje. Halikuwekwa na yeye. Tangu siku ile, kila Jumatatu nafungua mipangilio ya kusambaza na ya vichujio kwa kila akaunti na kuangalia. Inachukua dakika tano. Na chini ya kila ankara tumeandika kwamba namba ya benki haibadilishwi kwa barua pepe. Ukiona tofauti, bonyeza jina la mtumaji uone anwani kamili, halafu tupigie.

Kuhama

Ukiwa na barua mahali pa zamani, ingiza akaunti zote mbili kwenye Thunderbird, ya zamani na mpya, kwa IMAP. Tengeneza folda kwa kila mwaka kwenye mpya. Chagua barua za mwaka mmoja, nakili kwenda upande wa pili. Nakili, usihamishe; mtandao ukikatika katikati, asili bado ipo. Hesabu idadi pande zote mbili kabla ya kuendelea na mwaka mwingine. Mimi nilitumia bando la usiku, usiku tatu, na nilianza na barua za msimu unaokuja.

Anwani ya zamani usiifunge. Iwekee jibu la kujiendesha lenye anwani mpya, na uisambaze kwenda huko. Yetu ya zamani niliiacha wazi. Mwaka wa tatu, wakati Mama anauliza kama bado inafaa kitu, ikaingia barua ya Mholanzi aliyepanda kwa njia ya Machame na sisi 2015, anataka kumleta binti yake aliyefikisha miaka 18. Nilimjibu mchana huo huo. Walikuja Oktoba, na gari lilikuwa KIA nusu saa kabla ya ndege.